Shindano la kupika chili la kuchangia benki ya chakula: nipike kama wenyeji wa Texas au niweke mkono wa kwetu?

Binti Pangani

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri, hasa kwa mlioko Marekani.

Naishi na familia yangu mji mdogo nje ya Houston. Kila mwaka kikosi cha zimamoto cha kujitolea cha hapa huandaa shindano la kupika chili, yaani mchuzi mzito wa nyama na pilipili, na fedha zote zinakwenda benki ya chakula ya mji. Safari hii nimejiandikisha. Benki hiyo ndiyo iliyotulisha baada ya kimbunga Harvey mwaka 2017, maji yalipoingia ndani na mume wangu hana kazi. Tulipewa mchele, maharage na maziwa ya watoto bila mtu kutuuliza tumetoka wapi. Kwa hiyo siendi kujaza nafasi, nataka sufuria yangu iingize fedha.

Utaratibu ni huu: kila mpishi analeta galoni 3 kutoka nyumbani. Kuna majaji wanaoonja bila kujua nani kapika nini, halafu kuna kura za watu, dola 1 kura 1, na mtu anaweza kununua kura nyingi apendavyo.

Kinachonitatiza ni kwamba mkono wangu ni wa Tanga. Mchuzi wa nyama nauweza: tui, bizari, pilipili mbuzi. Je, hiyo wataikubali kuwa chili? Maharage yanawekwa au hayawekwi? Hapa kila ninayemuuliza ananijibu lake. Pia nitapika usiku wa kuamkia siku yenyewe, je, ni salama? Nawasilisha.

Mpishi wa San Antonio

Hongera dada. Nimefanya kazi ya jikoni San Antonio kwa muda mrefu, acha nianzie huko maana ndiko chili ilikopata jina. Mwishoni mwa karne ya 19 akina mama wenye asili ya Meksiko walikuwa wakiiuza jioni kwenye viwanja vya mji, masufuria motoni, wateja wamekaa kwenye meza ndefu chini ya taa, kama mama lishe wetu. Watu wakawaita malkia wa chili. Waliendelea hadi miaka ya 1930, maofisa wa afya walipoanza kuwabana. Mwaka 1977 chili ikatangazwa kuwa chakula rasmi cha jimbo la Texas.

Nakueleza haya ili ujue kwamba jaji wa Texas ana picha kichwani kabla hajashika kijiko. Anategemea nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande vidogo au kusagwa kwa matundu makubwa, mchuzi mzito mwekundu wa pilipili kavu, kitunguu saumu na bizari nyembamba. Ukimpa mchuzi wa tui ataufurahia, lakini alama za chili hatakupa.

Mashindano haya yalipata umaarufu mwaka 1967 huko Terlingua, kijiji cha jangwani karibu na mpaka wa Meksiko. Walipambana Wick Fowler wa Texas na mwandishi H. Allen Smith wa New York, aliyedai hakuna ajuaye kupika chili kumshinda yeye. Ikaisha sare. Leo chama cha wapenzi wa chili kiitwacho CASI husimamia mashindano mengi ya hisani, na kanuni yake ni kali: hakuna maharage, wali wala tambi ndani ya sufuria, na unapika palepale uwanjani. Majaji wanapima rangi, harufu, uzito wa mchuzi, ladha, na kile kinachobaki mdomoni baada ya kumeza. La kwenu mnapika nyumbani, kwa hiyo halifuati kanuni hizo. Muulize mwandalizi mapema mambo mawili: maharage yanaruhusiwa? Na kaunti yenu inakubali chakula kilichopikwa nyumbani? Kila kaunti ina taratibu zake.

Kuhusu pilipili: tafuta pilipili kavu za Kimeksiko ziitwazo ancho na guajillo kwenye duka la Wameksiko. Toa mbegu, zipashe kwenye kikaango kikavu mpaka zinukie, loweka kwa maji ya moto, kisha saga. Hizo zinaleta rangi na utamu, ukali wake ni mdogo. Pilipili mbuzi iache nzima, itumbukize ikiwa na kikonyo bila kupasuka, iopoe mapema. Ni jamii moja na habanero, ambayo hufika vipimo 100,000 hadi 350,000 vya Scoville, kipimo cha ukali wa pilipili, wakati pilipili ya jalapeño waliyoizoea ni 2,500 hadi 8,000. Ikipasuka ndani ya galoni 3, watoto na wazee wote hawali tena.

Kijana wa Makueni

Mimi niko Ohio na hapo kwa "picha kichwani" sikubaliani na Mpishi. Hapa Cincinnati chili inamwagwa juu ya spageti na ina mdalasini. Ilianzishwa mwaka 1922 na ndugu wawili wa ukoo wa Kiradjieff, wahamiaji kutoka Makedonia, kwa viungo vya kwao. Leo ni fahari ya mji mzima. Dada, pika ya nyumbani kwenu. Majirani zako wamekula chili ya Texas maisha yao yote, lakini ya Tanga hawajawahi kuionja.

Mpishi wa San Antonio

Kijana, historia yako ni sahihi. Lakini ndugu hao walikuwa na mkahawa na wateja waliorudi mwaka baada ya mwaka mpaka ulimi ukazoea. Dada ana alasiri moja. Fedha za benki ya chakula ziko kwenye kura za watu, na mtu hununua kura pale anapokutana na chili anayoijua halafu akasikia kitu kipya ndani yake. Bizari nyembamba ipo kwenye pilau na ipo kwenye chili, basi mkono wa Tanga uingilie hapo. Ikaange nzima, uitwange mwenyewe, ongeza na giligilani kidogo. Tui liache nyumbani.

Nesi wa Bukavu

Mama, najibu la usalama, maana wengi wa wanaokula kwenye michango hii ni wazee na watoto.

Ukitumia maharage mekundu makavu, usiyaweke mabichi kwenye sufuria ya umeme ya kupika polepole. Yana sumu ya asili ambayo joto lile dogo haliimalizi. Loweka saa 5 au zaidi, mwaga maji, weka mapya, yachemke kwa nguvu dakika 30. Ya kopo hayana shida.

Chili ya usiku ni salama ukiipoza haraka. Usiiache ilale kwenye sufuria kubwa mezani, katikati itabaki vuguvugu mpaka alfajiri. Igawe kwenye treyi zenye kina kifupi, ziweke juu ya barafu, ukoroge. Ishuke kutoka nyuzi 57 za Selsiasi hadi 21 ndani ya saa 2, kisha ifike 5 ndani ya saa 4 nyingine. Asubuhi ipashe jikoni hadi nyuzi 74, ndipo uihamishie kwenye sufuria ya umeme, na isishuke chini ya 57 mpaka mwisho. Kipimajoto cha jikoni ni bei nafuu, nunua.

Ukhti Mjini

Nyongeza. Wapishi wengi huweka bia au nyama ya nguruwe. Kama unapika halali, andika kibao uweke mbele ya sufuria, utashangaa watakavyokuja. Beba upawa wako mwenyewe na uusimamie usichovywe kwenye sufuria ya jirani. Kwenye kibao hicho orodhesha viungo vyote. Ukitia karanga au unga wa ngano, yaandike kwa herufi kubwa, kuna wanaodhurika vibaya.

Binti Pangani

Ahsanteni sana, nimewasoma wote. Mwandalizi amejibu: chakula cha nyumbani ruksa, maharage ruksa. Nimeamua nipike nyama tupu kwa njia ya Mpishi, bizari nitwange mwenyewe, na maharage niyaunge kwa tui kwenye bakuli la pembeni, mwenye kutaka ajichotee. Kijana wa Makueni, hapo na wewe umo. Nimebakiwa na swali moja: nyama kiasi gani kwa galoni 3, na kama mchuzi ni mwepesi?

Mpishi wa San Antonio

Paundi 12, kilo tano na nusu hivi, nyama ya bega yenye mafuta kidogo. Kwa vikombe vya aunsi 2 utapata vionjo kama 190. Mchuzi ukiwa mwepesi, koroga unga wa mahindi wa kutengenezea tortila (chapati za Kimeksiko) kwenye maji baridi, umimine dakika 20 za mwisho. Na kwenye kibao, chini ya viungo, andika hayo maneno yako kuhusu Harvey na benki ya chakula. Uwe na noti za dola moja moja za kutosha kuwarudishia chenji.