Naomba ushauri: maswali ya kumpelekea mbunge wetu kuhusu haki za binadamu na fedha za wafadhili

Habari za jioni wakuu. Niko Arusha. Kikundi chetu cha vijana wa kata kimenipa kazi ya kuandika maswali ambayo tutamwomba mbunge awaulize mawaziri Dodoma. Ibara ya 63(3)(a) ya Katiba inamruhusu kumuuliza waziri yeyote kuhusu mambo ya umma.

Linaloniuma zaidi ni hili: Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa hapa mjini kwetu, lakini mwaka 2019 serikali iliondoa tamko lililomruhusu mwananchi kufungua kesi pale moja kwa moja. Raia wa Malawi au Ghana anaweza. Sisi wenyeji, hapana! Nataka waziri aeleze ni lini tamko litarudishwa.

La pili ni fedha. Mwaka 2024 Benki ya Dunia ilisitisha malipo ya REGROW, mradi wa maliasili na utalii wa kusini mwa nchi uliopewa mkopo wa dola milioni 150, kufuatia malalamiko ya wananchi wa jirani na Hifadhi ya Ruaha. Ruaha ni mbali, ila huku pia wengi tunaishi kwa utalii.

Sasa, swali la tamko liende Katiba na Sheria au Mambo ya Nje? La mkopo je, Fedha au Maliasili? Na tuombe jibu la mdomo, ili apate maswali ya nyongeza, au la maandishi? Mliowahi kufanya kazi na wabunge, nielekezeni pia namna ya kuliandika lisikwame ofisi ya Spika. Tunakutana Jumamosi.