Mkrismasi, mjakaranda au mwashoki: upi upandwe karibu na nyumba?

Kivulini:
Habari zenu wadau. Nimehamia kwenye kiwanja kisicho na mti hata mmoja. Nataka miti ya mapambo inayokua haraka, na nimebaki na mitatu: mkrismasi, mjakaranda na mwashoki. Mbele, kutoka ukutani hadi kwenye uzio ni mita 11. Tena, nichukue mche mkubwa wa mita 2 au mdogo wa kwenye kiriba (kile kifuko cha plastiki cha kulelea miche)? Naombeni uzoefu wenu.

Bi Maua:
Mkrismasi uuache, ingawa roho itakuuma, maana ukichanua hakuna wa kuufikia. Matawi yake hutanda kama mwavuli, mara nyingi upana ukapita urefu, na mizizi hutambaa juujuu ikanyanyua sakafu na vijia. Mimi siupandi chini ya mita 10 kutoka kwenye jengo. Mjakaranda ni mpole zaidi kwa mizizi, ila hupukutisha majani, kisha maua, kwa hiyo mifereji ya paa itahitaji kusafishwa. Na ule wa mbegu unaweza kukungojesha miaka 7 au zaidi kabla ya ua la kwanza.

Udongo Mwekundu:
Mwashoki ule mwembamba ni pazia, si kivuli. Unafaa kuziba upande unaochungulika: safu moja, mita 1.5 hadi 2 kati ya mche na mche, na una majani mwaka mzima. Kuweka kiti chini yake saa sita mchana haiwezekani. Kwa kasi pia uko nyuma ya hiyo miwili.

Kitaluni:
Naomba nijibu lile swali la pili, maana hapo ndipo miti mingi inapofia. Mwaka juzi nilipanda mijakaranda miwili siku moja, mmoja wa mita 2, mwingine haujafika magotini. Mkubwa ulikaa karibu mwaka mzima bila chipukizi, ukaanza kukauka kileleni. Nilipoung'oa, mizizi ilikuwa imejiviringa kama kata ya kubebea ndoo, bado ina umbo la kopo ulimolelewa. Haikuwa imeingia kwenye udongo mpya hata shubiri moja! Ule mdogo sasa umenipita kichwa.

Kwa hiyo chagua mche wa sentimita 30 hadi 60, shina nene, mizizi isiyozunguka. Shimo liwe na upana mara 2 au 3 ya kiriba, lakini kina kisizidi kiriba. Chana kiriba chote ukitoe, na mzizi wowote uliozunguka ukate. Shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, ibaki usawa wa ardhi. Ukiifukia, gome huoza taratibu na utadhani ni ugonjwa.

Bi Maua:
Naongeza maji. Miezi ya kwanza kukiwa kikavu, lita 10 hadi 20 kwa mche, mara 2 kwa wiki, zikinywea polepole. Kikombe kila jioni huizoesha mizizi kubaki juu. Matandazo, yaani nyasi au majani makavu ya kufunika udongo, yawe ya sentimita 5 hadi 10, yasiguse shina. Na tafadhali usikate kilele cha mjakaranda: utaota machipukizi mengi ya wima na umbo lake halirudi.

Shamba la Nyuma:
Vipi kuhusu mti wa kuegemezea mche?

Kitaluni:
Weka tu kama mche unalala. Funga kwa kitambaa kipana, chini ya nusu ya urefu, ulegee kiasi cha shina kuyumba, maana kuyumba ndiko kunakolinenepesha. Utoe ndani ya mwaka. Niliwahi kukuta waya umezama ndani ya gome. Upepo ulipokuja shina likakatika palepale.

Kivulini:
Basi mbele mjakaranda mmoja mdogo, katikati, mita 5 na nusu kutoka ukutani. Mwashoki upande wa nyuma. Mvua zimekaribia na miche iko chini ya kivuli cha kitalu. Niipande siku nitakayoichukua?

Kitaluni:
Hapana, itaungua majani. Ianike jua la asubuhi kwanza, uongeze muda kila siku kwa wiki 2. Udongo ukishalowa vizuri, panda jioni.