Bonde la mto darasani: karatasi, trei ya mchanga au kompyuta?

MwalimuRamani
Wakuu, naomba mawazo yenu. Nina vipindi vinne vya somo la bonde la mto, na wanafunzi 42 wa miaka 13 na 14. Mara iliyopita nilifundisha kwa mchoro wa ubaoni. Kwenye jaribio waliandika maana yake bila kukosea: eneo lote la ardhi ambalo maji yake huishia kwenye mto mmoja. Nilipowapa ramani ya kontua, ile yenye mistari inayounganisha sehemu za kimo kimoja, na kuwaambia wachore mpaka wa bonde, karibu wote walizungushia mto wenyewe, kamstari kembamba kando ya maji. Mlima ule wa mbali, usio na kijito hata kimoja, hawakuuona kuwa ni sehemu ya mto. Hilo ndilo nataka walione safari hii.

Nawaza kati ya karatasi iliyofinyangwa, trei ya mchanga na programu za kompyuta. Muda hautoshi kwa vyote. Nichague kipi?

BintiSayansi
Mwalimu, kwa tatizo hilo hasa, karatasi inatosha. Chukua karatasi nene, ifinyange iwe donge, ifungue nusunusu, kisha bandika pembe zake kwenye trei ili migongo na mabonde yasilale. Migongo yote ipakwe wino wa bluu, ule unaoyeyuka kwenye maji. Kabla ya kunyunyiza chochote, kila mwanafunzi achague sehemu moja anayodhani maji yatatuama, na kwa penseli achore mpaka wa eneo litakalolilisha dimbwi hilo. Ndipo uchukue chupa ya kunyunyizia, maji yatoke membamba kama ukungu. Wino unashuka pande zote mbili za mgongo, na mtoto anaona matone mawili yaliyoanguka jirani yakiishia madimbwi tofauti.

Ule mstari wa penseli usiuruke, nakuomba. Niliwahi kuuacha ili kuokoa dakika kumi. Wanafunzi walifurahia rangi, wakatoka darasani bila swali hata moja, kwa sababu hawakuwa na jambo walilotabiri likaenda kombo.

Kijito
Karatasi inaonyesha mpaka, nakubali. Lakini bonde lina udongo, na udongo ndio unaoamua mvua inafika mtoni lini. Mimi ni mtu wa trei. Yangu ina urefu wa mita 2, tundu upande mmoja, na kipande cha mbao chini ya upande wa pili ili iiname kidogo. Tunamwaga maji yaleyale mara tatu: mara ya kwanza juu ya mchanga mtupu, ya pili tukiwa tumefunika nusu ya eneo kwa plastiki kuwakilisha lami na mapaa, ya tatu tukiwa tumepanga sponji kando ya mkondo ziwe kinamasi. Kila nusu dakika kikundi kinapima maji yaliyotoka tunduni, kisha kinachora grafu.

Hapo ndipo somo lenyewe lilipo. Grafu ya plastiki inapanda haraka na kilele chake kiko juu. Ya sponji inapanda taratibu, na maji yanaendelea kudondoka muda mrefu baada ya "mvua" kukatika. Kuna mwanafunzi aliwahi kuniambia kinamasi hakifuti mvua, kinaichelewesha. Sijapata kuieleza vizuri zaidi ya hivyo.

FundiData
Kijito, trei naipenda, ila wanafunzi waambiwe mahali inapodanganya. Chukulia mita 2 zako zinawakilisha kilomita 20, yaani kipimo cha 1:10,000. Punje ya mchanga ya nusu milimita inakuwa jiwe la mita 5. Tone la maji halipungui kwa sababu tu tumepunguza mlima. Linang'ang'ania uso wa mchanga kwa namna ambayo mto halisi haufanyi. Kwa hiyo umbo la mkondo na mpangilio wa matukio uko sawa, lakini kasi na kiasi cha tope usivihamishie kwenye mto wa kweli.

Ukubwa ndio kompyuta inaufundisha vizuri. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Mvua ya milimita 25 juu ya kilomita 1 ya mraba ni lita milioni 25. Trei haiwezi kumfanya mtoto ahisi hesabu hiyo. NetLogo, programu ya kuigiza matukio kwenye kompyuta, ni ya bure, na kwenye maktaba yake kuna modeli ya Grand Canyon, lile korongo kubwa la Marekani, ambamo matone yanatafuta njia ya kushuka juu ya ardhi halisi. Model My Watershed, programu ya mtandaoni ya kituo cha utafiti wa maji cha Stroud Water Research Center, ni nzuri sana, unabadilisha matumizi ya ardhi na kuona maji mangapi yanazama na mangapi yanatiririka, ila imetengenezwa kwa ajili ya Marekani.

BintiSayansi
Na lile sanduku la mchanga lenye projekta, linalochora kontua juu ya mchanga unapouchimba?

FundiData
Lile la Chuo Kikuu cha California, Davis. Kamera ya Kinect inapima kimo cha mchanga, projekta inamwagia rangi na kontua, na ukikinga mkono juu yake mvua inanyesha. Programu ni ya bure, ila kompyuta yake lazima iwe na kadi ya michoro yenye nguvu. Kwa kusoma kontua sijaona kinacholishinda. Lakini maji yake ni mwanga. Hayabebi mchanga, hayali kingo. Anayetaka mmomonyoko arudi kwa Kijito.

MzeeChaki
Mnasahau njia iliyo katikati, isiyohitaji hata umeme. Wape karatasi ya miraba 8 kwa 8, kila mraba na kimo chake. Sheria ni moja: maji ya kila mraba yaende kwa jirani aliye chini kwa mteremko mkali zaidi, kati ya majirani wanane. Wachore mishale. Kisha wahesabu miraba mingapi inapitisha maji kwenye mraba wa mwisho, na waipake rangi yote. Hilo ndilo bonde. Kompyuta inafanya hivyohivyo, tofauti ni wingi wa miraba.

Angalieni jirani wa pembeni, yule anayegusana kwa kona tu, yuko mbali mara 1.4 ya yule wa ubavuni. Kutoka kimo cha 52, jirani wa ubavuni mwenye 49 anamshinda wa pembeni mwenye 48, kwa sababu 4 gawa kwa 1.4 haifiki 3. Wanafunzi wanabishana vizuri sana hapo. Na wekeni makusudi mraba mmoja uliozungukwa na vimo vikubwa. Maji yananasa. Je, ni ziwa, au aliyepima alikosea? Wataalamu wa ramani za kompyuta hukutana na swali hilohilo kila siku.

MwalimuRamani
Nimeamua. Kipindi cha kwanza karatasi na penseli. Cha pili miraba ya Mzee. Cha tatu trei moja tu mbele ya darasa, vikundi vikipokezana kupima, na kila kikundi kitaje jambo moja ambalo trei inadanganya. Kompyuta naiacha mwaka huu, samahani FundiData, ila hesabu ya lita milioni 25 naichukua. Kipindi cha nne nawapa ileile ramani iliyowashinda wenzao, bila maelezo.

Kijito
Mchanga uloweshe usiku wa kuamkia kipindi. Ukiwa mkavu, utakunywa maji yote ya mmwago wa kwanza, tundu halitatoa kitu, na grafu yako ya kwanza haitalingana na nyingine.

MzeeChaki
Ukimaliza, tuletee michoro yao ya ramani, hasa iliyokosewa.