Gumzo la Ukoo: Korongo la Angkerle Atwatye

Dada Mkubwa: Shikamooni wazee wetu, na wadogo zangu hamjambo. Jana sikuwa na zamu, nikaenda kwenye korongo liitwalo Angkerle Atwatye, kilomita 50 hivi magharibi ya Alice Springs, katikati ya jangwa la Australia. Jina hilo ni la Kiarrernte, lugha ya wenyeji wa asili wa eneo hilo, na maana yake ni mwanya wa maji. Ramani nyingi huliita Standley Chasm, kwa heshima ya Ida Standley, mwalimu wa kwanza wa Alice Springs, lakini nawaomba hapa kikundini tulitumie jina walilolipa wenyewe.

Mjomba: Marahaba, mwanangu. Mbona umetuma picha moja tu?

Dada Mkubwa: Mjomba, njia ya kuingilia hufuata kijito, kati ya miti yenye magome meupe na mimea inayofanana na mitende mifupi, ambayo ni masalia ya enzi ambazo nchi ile ilikuwa na unyevu mwingi. Mwishoni kuta mbili za mwamba huinuka takriban mita 80, zikiwa zimekaribiana mno, hata jua hufika chini kwa muda mfupi tu karibu na saa sita mchana. Kabla ya hapo niligusa ukuta, nao ulikuwa baridi kama mtungi wa maji. Jua lilipoingia, mwamba ukageuka rangi ya kaa la moto, na watu wote wakanyamaza. Hapo ni mahali patakatifu pa wanawake wa Kiarrernte, ingawa wageni wote, wake kwa waume, hukaribishwa. Nilipiga picha ile moja, nikaiweka simu mkobani.

Bibi: Ulifanya vyema, mjukuu wangu. Hata kwetu kayani, katika msitu mtakatifu wa wazee, mtu haingii kama anayeingia sokoni. Huvua viatu na kusubiri ruhusa ya wazee. Wewe ulibisha hodi kwa nani?

Dada Mkubwa: Shikamoo, Bibi. Hodi hupigwa langoni, kwa kuwa ardhi ile ni mali ya Waarrernte wa Magharibi, nao ndio wanaopokea kiingilio na kumweleza mgeni yale anayoruhusiwa kuyajua. Mengine hubaki kwao, na sikuyauliza.

Bibi: Marahaba. Ukienda tena, wasalimie wanawake wa huko, uwaambie salamu zimetoka kwetu Rabai, pwani ya Kenya.