Ushauri tafadhali: watazamaji wanadai falanga zao, wanasema trela iliwadanganya

KijanaWaKenya
Jambo yenu, wakubwa kwa wadogo. Niko Lubumbashi, Kongo. Kikundi chetu kimetengeneza filamu kwa jasho letu wenyewe, hatuna mfadhili. Ni habari ya mama anayemfuata mwanawe aliyekwenda kuchimba kobalti Kolwezi. Trela ilizunguka WhatsApp, na siku ya onyesho ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa chini. Katikati ya filamu miluzi ikaanza. Ilipokwisha walizingira meza ya tiketi, kila mtu anadai falanga 5,000 zake. Mwenye ukumbi ameshikilia mapato yote mpaka tumalizane na watu. Jumamosi tunaonyesha Likasi na ukumbi umekwisha kulipiwa. Turudishe falanga, au kuna namna ya kuwaelewesha watu? Nimekosa usingizi. Filamu ni nzuri, hilo nawaapia.

MamaNeema
Mwanangu, rudisha. Mtu aliyetoa 5,000 hapa kwetu ameacha kununua unga wa bukari siku hiyo. Mungu anaona.

Baharia_DSM
Pole ndugu. Hapo Kenya uko mji gani?

KijanaWaKenya
Kenya ni komini, sehemu ya mji wa Lubumbashi, kaka. Siyo nchi.

Baharia_DSM
Ahaa. Hata mimi yalinikuta. Nilinunua DVD Kariakoo, kava ina jamaa kashika bunduki, nyuma yake helikopta inawaka moto. Nikaita majirani. Kumbe ndani ni harusi ya Kihindi, saa tatu nzima! Tukaitazama yote, na mke wangu mpaka leo akikumbuka ule wimbo wa mwisho machozi yanamtoka. Wala sikufikiria kudai pesa.

Fundi_Picha
Mbona la msingi halijasemwa? Kwenye trela kulikuwa na nini ambacho filamuni hakimo?

KijanaWaKenya
Trela ni kionjo tu, mkubwa. Haiwezi kufanana na filamu nukta kwa nukta. Hata Wamarekani wanafanya hivyo. Trela ya Avengers: Infinity War, filamu ya 2018, ilimwonyesha shujaa Hulk anakimbia na wenzake uwandani Wakanda. Filamuni hakuna kitu kama hicho. Nani alirudishiwa falanga?

Fundi_Picha
Hulk yumo, anapigwa na adui yao Thanos mwanzoni kabisa. Walificha yatakayompata, hawakumuuza mtu asiyekuwemo. Mimi kazi yangu ni montaji, kukata na kuunga vipande vya filamu. Najua trela nyingi hukatwa filamu ikiwa bado mezani, kisha kipande kilichotumika kinaondolewa filamuni. Hayo ni ya kawaida. Nauliza habari ya kwako.

Avoka_Mdogo
Nami niulize hivi: kuna mtu anaonekana kwenye trela na filamuni hayumo?

KijanaWaKenya
Yuko mmoja. Mchekeshaji wa hapa, anajulikana hadi Kasumbalesa mpakani, jina sitalitaja. Tulimpiga picha, akacheza kipande kimoja kizuri sana sokoni. Halafu tukashindwana kwa malipo, kipande chake kikatoka.

Avoka_Mdogo
Trela mliitoa kabla ya kumwondoa au baada?

KijanaWaKenya
Baada. Montaji niliifanya mimi. Lakini nisikieni. Trela ya kwanza ilikuwa ya mama peke yake, amesimama kwenye mdomo wa shimo anaita jina la mwanawe. Hakuna aliyemtumia mwenzake. Nilipoanza na uso wa yule mchekeshaji ikafika kila simu. Sawa, walikuja kwa ajili yake, ila wameona filamu ambayo wasingeiona kamwe. Kuna kina mama walitoka wanalia, na hao hawakudai kitu. Bila yeye ningekuwa nimewaonyesha ndugu zangu tu. Na trela ya Likasi imekwisha kutumwa, redio inatangaza. Sioni sababu ya kuibadilisha sasa.

Papa_Donatien
Sisi wa Lubumbashi tumelelewa na mchekeshaji Mufwankolo na kundi lake. Michezo ya Kiswahili redioni na kwenye televisheni, mtaa mzima mbele ya seti moja. Ukiambiwa leo ni Mufwankolo, unamwona Mufwankolo. Mtoto wangu, watu wa hapa wanapenda wachekeshaji wao kama jamaa zao. Umewaambia ndugu yao yupo nyumbani, wamefika, hayupo.

Avoka_Mdogo
Iko kesi inayofanana sana na yako. Trela ya filamu Yesterday ya 2019 ilimwonyesha Ana de Armas, filamuni alikuwa amekatwa. Watazamaji wawili wa Marekani walilipa dola 3.99 kila mmoja kuikodi mtandaoni, wakaishtaki studio yake, Universal. Studio ikajitetea kwamba trela ni sanaa na ina uhuru wake. Desemba 2022 jaji wa California akakataa: trela ni tangazo la biashara, na sheria ya matangazo ya uongo inaigusa. Ila akaweka mpaka. Mtu ambaye filamu haikumpendeza hana kesi kwa hilo. Swali ni kama mtazamaji wa kawaida angetegemea kumwona mwigizaji yule au kipande kile.

Sasa tazama filamu Drive ya 2011. Mama mmoja wa Michigan alishtaki kwamba trela ilimfanya atarajie mbio za magari, akakuta ni kidogo mno. Alishindwa. Magari yalikuwemo.

Hayo ni ya kwao. Kwetu Kongo mikataba inafuata amri ya tarehe 30 Julai 1888, nayo inaijua hila: mkataba unaweza kubatilishwa ikiwa ni wazi kwamba bila hila mtu asingekubali. Hila haidhaniwi, anayedai lazima aithibitishe. Na wewe umeandika hapa kwa mkono wako kwamba walikuja kwa ajili yake.

Sina_Haraka
Ngojeni kidogo. Filamu haina jina, mchekeshaji hana jina, ukumbi hauna jina. Lakini habari yake tumeijua yote: mama kwenye shimo, watu wanalia, Jumamosi Likasi. Huu uzi ndio trela yenyewe! Kesho kutwa ataweka kiungo.

Baharia_DSM
Duh. Na mimi nilishaanza kuulizia nauli ya Likasi.

MamaNeema
Hata kama ni ya kutunga, jibu langu ni lile lile.

KijanaWaKenya
Ningekuwa natafuta matangazo ningeficha jina la filamu? Nimeficha kwa sababu yule mchekeshaji ana watu wake, na mwenye ukumbi bado tunazungumza.

Sina_Haraka
Jina lililofichwa ndilo linalowafanya watu walitafute. Weka picha ya tiketi, ziba maandishi.

KijanaWaKenya
Siwezi. Tiketi ina uso wake.

Sina_Haraka
Hadi kwenye tiketi? Basi nakuamini. Anayetunga angejipamba kuliko hivyo.

Fundi_Picha
Kijana, leo usiku kata trela upya. Anza na sauti ya mama anaita, skrini ikiwa nyeusi, halafu ndiyo utuonyeshe shimo. Piga simu redio ya Likasi waseme wazi kwamba mchekeshaji hayumo. Tiketi za Jumamosi chapisha nyingine. Waliokuja Lubumbashi wape hiari, falanga zao au kiti cha bure onyesho lijalo, na wale kina mama waliolia watafute, waombe waseme kwa sauti zao walichokiona. Hao ndio wataijaza WhatsApp safari hii. Unaipenda filamu yako, inaonekana. Sasa iachie iingie Likasi kwa uso wake.

KijanaWaKenya
Aksanti, mkubwa. Uso nitautoa. Falanga tutawarudishia watakaokuja na tiketi, nitawakalisha wenzangu leo. Lakini mwishoni mwa trela naacha sauti yake. Ni kicheko tu, kifupi. Sauti siyo uso.

Fundi_Picha
Kicheko hicho filamuni kimo?

KijanaWaKenya
Hapana.

Avoka_Mdogo
Kitoe.