Hita ya gesi ya bwawa: asubuhi haiwaki kabisa, mchana inawaka kidogo kisha inakufa

kijana_wa_bwawa (Kabale)

Habari zenu mafundi. Hii ni siku ya nne napambana na hita ya bwawa la kuogelea, naomba msaada wenu.

Naangalia bwawa la nyumba ya wageni hapa Kabale, upande wa njia ya kwenda Ziwa Bunyonyi. Si bwawa kubwa: mita 12 kwa 5, kina cha wastani mita 1.3. Hita ni ya Kimarekani, ilinunuliwa ikiwa imeshatumika. Kibandiko kinasema BTU 200,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto), gesi ya mtungi. Haina ule mwali mdogo unaokaa ukiwaka siku zote. Ina kijiti kinachokuwa chekundu kama kaa la moto, ndipo vali ya gesi ifunguke. Gesi inatoka kwenye mitungi 2 ya kilo 45, imeunganishwa pamoja nje ya chumba cha pampu.

Inavyofanya ni hivi. Saa 12 asubuhi nawasha. Pampu inasukuma, feni ya hita inazunguka, kwenye kitundu cha kuchungulia naona kijiti kinakuwa chekundu, nasikia vali ikilia "tk", halafu kimya. Baada ya sekunde chache kijiti kinazima. Inajaribu mara 3, kisha inajifunga na taa ya hitilafu inawaka. Mchana saa 7 jua likiwa kali, nikiizima na kuiwasha upya, mara nyingine inashika. Lakini mwali wake ni wa njano, mvivu, unayumbayumba, na haumalizi dakika 10.

Nimeshaosha filta ya mchanga kwa kugeuza maji mpaka yakatoka meupe. Kikapu cha pampu ni kisafi. Nimepima umeme: 236 ukutani, 25 kwenye transfoma ya hita, na vali inapata 24 wakati inapoitwa. Mitungi si mitupu, nimeitikisa, bado ni mizito. Hakuna kitu tulichobadilisha.

Jirani mmoja ananishauri niwashe karatasi, niiingize kwenye mlango wa bana, pale gesi inapowakia, wakati vali inafunguka, niisaidie kushika. Je, ni sawa?

Niseme pia kwa nini nina haraka. Mwenye nyumba ameniruhusu kila Jumamosi asubuhi niwafundishe kuogelea watoto wa kandokando ya ziwa, wale wanaovuka kwa mtumbwi kwenda shule. Wako 18. Ziwa ni la kina kirefu na wengi wao hawajui kuelea hata dakika moja. Mimi nimezaliwa Busia, nimefanya kazi ya mabwawa Mombasa miaka 8, na huko sikuwahi kuona mtu akipasha bwawa moto. Hapa maji leo ni nyuzi 19. Mtoto wa miaka 7 kwenye nyuzi 19 anakaa dakika 10, midomo inageuka rangi, anatoka akitetemeka, na hajajifunza kitu. Kwenye 27 anakaa saa nzima.

friji_na_baridi (Jinja)

Ndugu, angalia swichi ya presha ya maji. Nilikutana na hita ya hoteli iliyogoma hivyohivyo, swichi ilikuwa haihisi maji yanapita.

bomba_na_gesi (Kampala)

Kaka wa Jinja, kwa hita hii sidhani. Swichi ya maji, swichi ya hewa ya feni na ile ya joto la kupita kiasi zote zimefuatana kwenye waya mmoja. Moja ikigoma, kijiti hakipati umeme kabisa. Yeye anaona kijiti chekundu na vali inapata volti 24. Maana yake ulinzi wote umeshasema ndiyo. Kilichobaki ni gesi yenyewe, au njia yake ya kuingia kwenye bana.

Kijana wa bwawa, niambie vitu viwili: regulata yako, kile kifaa cha kupunguza presha ya gesi ya mtungi, imeandikwa nini, na presha ya gesi ni ngapi pale kwenye mlango wa vali?

mama_mitungi (Mbarara)

Mwanangu, kabla ya yote: hiyo karatasi usiiwashe. Mimi nauza gesi mwaka wa kumi na moja na nimeona mikono iliyoungua kwa ushauri kama wa huyo jirani.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Haipandi juu ikaondoka, inashuka na kulala sakafuni kama maji. Kila hita ilipojaribu ikashindwa, kuna gesi kidogo iliyoingia ndani ya boksi. Ukijaribu mara 3 na kurudia mara 3 tena, imeshajikusanya chini, nawe unapeleka moto hapohapo ukiwa umeinamisha uso. Ikishindwa, funga mtungi, fungua milango, subiri dakika 5 au zaidi, kisha inama unuse karibu na sakafu, si usawa wa pua yako ukiwa umesimama. Chumba chako cha pampu kama kimechimbwa chini ya usawa wa ardhi, ongeza tahadhari mara mbili, kwa sababu huko gesi haina pa kutokea.

Sasa la pili. Umesema asubuhi inakataa, mchana inakubali. Hebu asubuhi, ikishajaribu, weka kiganja kwenye ubavu wa mtungi. Una baridi kuliko ukuta? Una jasho?

Nakuuliza kwa sababu ndani ya mtungi gesi ni maji. Ili igeuke hewa lazima ichemke, na joto la kuchemkia inalinyonya kwenye chuma cha mtungi, chuma nacho kinalipata kwenye hewa ya nje. Tunayouza sisi ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani huchemka hata kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, haijali baridi ya Kabale. Butani hukoma karibu kabisa na sifuri, kwa hiyo asubuhi yenu ya nyuzi 11 au 12 inachemka kwa unyonge. Na propani ndiyo inayotangulia kutoka. Mtungi ukifika nusu, kilichobaki humo ni butani zaidi. Wateja wa huko juu huniletea mtungi wakilalamika "mzito lakini hautoi", wakidhani nimewapunja. Haukupunjwa, umepoa.

Wala usiuchemshie maji ukaumwagia, wala usiuwekee jiko la mkaa kando. Nasema kwa sababu watu hufanya hivyo.

kijana_wa_bwawa (Kabale)

Mama, asante sana, karatasi nimeiacha. Leo asubuhi nimegusa: mtungi mmoja una jasho kuanzia katikati kwenda chini, mwingine mkavu.

Ndugu wa Kampala, hapa lazima niombe radhi. Niliandika kwamba hatukubadilisha kitu, na si kweli, sikulijua. Nimemuuliza mlinzi wa usiku. Mwezi uliopita nilipokuwa likizo Busia walihamisha mitungi kutoka nyuma ya jiko, regulata ya zamani ikavunjika mdomo, mtu wa mjini akaweka nyingine. Nimeifuta vumbi nikasoma: 1.5 kg/h. Manomita, kipimo cha presha, sina.

bomba_na_gesi (Kampala)

Hapo umeshika mkia wa nyoka, lakini tupime kwanza usije ukanunua vitu bure.

Manomita utaitengeneza mwenyewe. Nunua mpira mwembamba unaoona ndani, mita 2 na nusu. Ukunje kama herufi U kwenye ubao, ufunge kwa waya, weka rula ya kushonea katikati. Jaza maji mpaka nusu, tia chai ya rangi kidogo uone vizuri. Funga mitungi. Kwenye vali, upande gesi inapoingia, kuna skrubu ndogo ya kupimia. Ilegeze, ingiza ncha moja ya mpira juu yake, ncha ya pili iache wazi. Fungua mtungi taratibu. Tofauti ya urefu wa maji kati ya pande mbili ndiyo presha yako kwa sentimita.

Wengi hupima hita ikiwa imezimwa, wanaona maji yamepanda vizuri, wanasema gesi ipo, wanaanza kulaumu kadi ya umeme iliyo ndani ya hita na kununua kadi mpya. Presha iliyotulia haikwambii kitu. Hata mpira ulioziba nusu utaonyesha presha nzuri kama hakuna kinachopita. Mwambie mtu awashe hita wewe ukikodolea macho ubao sekunde ile vali inapolia "tk". Kibandiko cha hita yako kitakuwa kinataka angalau inchi 11 za maji, yaani sentimita 28, huku gesi ikikimbia.

Ukimaliza, funga mitungi, kaza skrubu, paka povu la sabuni uangalie.

kijana_wa_bwawa (Kabale)

Nimepima. Naandika kama nilivyoona.

Asubuhi saa 12 na nusu, hita imezimwa: sentimita 33. Nikafurahi kidogo. Vali ilipofunguka: maji yalishuka mara moja kama mtu aliyekatwa miguu, yakasimama kwenye 9. Bana haikushika.

Saa 7 mchana: imezimwa 33, vali wazi 17. Ikashika, mwali ule wa njano, kisha nikaona maji yanateremka polepole, 16, 14, 12, na mwali ukazima. Nimesimama pale na ubao mkononi nikielewa kwa mara ya kwanza ninachokitazama.

Kibandiko ni kama ulivyosema, 28.

bomba_na_gesi (Kampala)

Safi sana. Sasa hesabu. BTU 200,000 ni karibu kilowati 58 na nusu. Kilo moja ya gesi hii inatoa karibu kilowati-saa 13.8. Hita inataka kilo 4 na robo kila saa, na regulata yako imetengenezwa kwa kilo 1 na nusu. Hiyo ni ya jiko. Mchana inapitisha zaidi kidogo kwa sababu mtungi ukipata joto unaisukuma kwa nguvu, ndiyo maana ulidanganyika.

Ukibadilisha regulata peke yake utapata saa moja ya furaha, kisha litakuja lile la Mama. Mtungi wa kilo 45 kwenye baridi, ukiwa nusu, usiutegemee kwa zaidi ya kilo moja kwa saa mfululizo. Unataka mitungi 4 kwenye bomba moja, yote ikiwa wazi pamoja. Regulata ziwe hatua mbili: ya kwanza mitungini, ya pili karibu na hita, zote za kilo 6 kwa saa au zaidi. Kazi hii mwachie fundi wa gesi mwenye kibali, mkague pamoja kwa povu.

Na kabla hajaja, toa bana uzichungulie. Huko kwenu nyigu wa udongo wanapenda vitundu.

mama_mitungi (Mbarara)

Naongeza la gharama, maana mwenye nyumba ataliuliza. Maji ya bwawa lako ni kama tani 78. Mtungi mzima wa kilo 45, kwa hita ya kawaida, utayapandisha nyuzi 5 tu. Kutoka 19 hadi 27 ni mtungi mmoja na zaidi ya nusu, na usiku yanapoa tena. Joto linaondoka hasa juu ya maji, kwa mvuke. Nunueni turubai la kufunika bwawa jioni. Mimi nauza gesi, lakini turubai ndilo ningelinunua kwanza.

kijana_wa_bwawa (Kabale)

Narudi na majibu, samahani nimekawia siku 9. Jumamosi ya kwanza tulifundisha kwenye maji baridi, dakika 10 kila kundi.

Bana ziko 6. Mbili zilikuwa na udongo wa nyigu ndani ya koo, mgumu kama kigae. Nimeutoa kwa kijiti cha mianzi na brashi laini. Vitundu vya jeti, pale gesi inapotokea kuingia kwenye bana, sikuvigusa kwa waya, niliogopa kuvipanua. Mwenye nyumba alikuna kichwa kuhusu mitungi 2 zaidi, nikamwonyesha ubao wa maji ukishuka kutoka 33 hadi 9, akakubali siku hiyohiyo. Fundi wa gesi alitoka Mbarara, akaweka regulata mbili.

Asubuhi ya baridi, saa 12 na dakika 10: imezimwa 34, vali wazi 30, na ikabaki 30. Ilishika mara ya kwanza kwa sauti ya "fuu" iliyojaa. Mwali ni wa bluu, ncha zake tu zina njano kidogo. Fundi anasema hiyo ni hewa nyepesi ya huku, karibu mita 2,000 juu ya bahari, na kwamba jeti za hita zilitobolewa kwa ajili ya nchi za chini. Atauliza jeti ndogo za miinuko. Kama kuna aliyezipata hapa Uganda, naomba aniandikie.

Mwanzoni maji yalidondoka chini ya hita nikadhani bomba limepasuka. Fundi akaniambia ni mvuke wa moshi unaogeuka maji ukigusa mabomba baridi. Bwawa lilipofika nyuzi 24 yakakauka.

Turubai tumelishona hapa mjini. Jana jioni niliacha maji kwenye 27, leo asubuhi nimeyakuta 26. Watoto walikaa mpaka nikawatoa mimi. Mmoja, wa miaka 8, anayekaa ng'ambo kisiwani, ameelea chali nikihesabu mpaka 60.

mama_mitungi (Mbarara)

Mungu awabariki hao watoto. Mtungi ukianza kutoa jasho tena niandikie, usisubiri siku ya nne.