Mada: Sauti za wazee wa Ogiek ziwekwe mtandaoni kwa kila mtu, au zibaki mikononi mwa jamii?

Mtoa mada
Wakuu, salaam. Naomba tulijadili hili bila jazba.

Hoja ninayoisikia sana ni kwamba masimulizi ya wazee wa Ogiek, jamii ya warina asali wa Msitu wa Mau, Kenya, yarekodiwe haraka na yawekwe wazi, maana mzee akifa anaondoka nayo. Kurekodi, sawa kabisa. Kuweka wazi yote, napinga.

Mwulize mzee wa Kiogiek habari za utoto wake uone atakakoanzia. Atakutajia mti uliotundikwa mizinga ya nyuki ya baba yake, mto walioanzia na kilima walichoishia, na ukoo waliopakana nao. Msitu ule uligawanywa kwa koo, kila ukoo na maeneo yake kutoka nyanda za chini hadi juu, kwa kuwa maua hayachanui kote kwa wakati mmoja. Kwa hiyo anayesimulia asali anachora mipaka ya ardhi.

Na ardhi yenyewe bado ni moto. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek. Tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia: shilingi za Kenya milioni 57.85 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa madhara mengine, tena ardhi ipimwe na itolewe hati. Novemba 2023 watu wakabomolewa nyumba tena Sasimwani, Narok. Katika hali hiyo, kanda iliyo wazi itasikilizwa na mjukuu, sikatai, ila na dalali wa mashamba naye ataisikiliza. Siku hati zikianza kutoka, atatokea wa kusema: "Nyanya yako ametajwa humu kuwa alitoka kwingine, wewe si wa hapa."

Halafu kuna ile fomu ya ridhaa. Mzee anabandika dole gumba kabla hajafungua kinywa. Anaridhia nini, na bado hajui atasema nini? Pendekezo langu ni ridhaa mara mbili: mtafiti arudi, amsikilizishe, mzee aseme "hapo toa". Nyimbo, mapishi na harusi ziende hewani akipenda. Ya mipaka yabaki kwa jamii.

Wa Njoro
Jamii ndiyo nani, ndugu? Baraza likikaa, wanaosema ni wanaume walewale watatu ambao namba zao kila shirika linazo. Mama mjane aliyetembea msitu ule miaka yote na mzigo wa asali mgongoni, mipaka anaijua kuwashinda, lakini ufunguo wa kabati la kanda hizo hatapewa hata kuushika. Mtandaoni walau mjukuu wake aliyeko Nairobi atamsikia bila kuomba ruhusa ya mtu.

Pia kesi hiyo unayoisifu, Waogiek hawakuishinda kwa kunyamaza. Mashahidi wa Kiogiek walisimama mbele ya majaji, Addis Ababa, Novemba 2014.

Mtoa mada
Shahidi anajua anaongea na nani, na kwamba upande wa pili upo palepale kumhoji. Aliyerekodiwa nyumbani kwake akinywa chai hajui sauti yake itafika wapi. Hilo la akina mama umenibana. Basi tuseme hivi: maisha yake ni yake, akitaka yatoke, baraza lisimzibe mdomo. Mipaka ya ukoo si mali ya mtu mmoja, awe mama au awe mwenyekiti.

Wa Karatu
Nachungulia kutoka Tanzania. Mnagombea ufunguo, malipo hamyataji! Huku Eyasi kwa Wahadzabe mtafiti anakuja na kibali cha COSTECH, tume ya sayansi ya Tanzania, gari la kukodi, dereva, mkalimani, wote wanalipwa kwa siku. Mwenye historia anapewa sukari na tumbaku. Ukiuliza, unaambiwa pesa itaharibu ukweli. Mshahara wa mhadhiri mbona hauharibu wake?

Wa Njoro
Ukinunua hadithi, utauziwa hadithi.

Wa Karatu
Ndiyo maana silipii hadithi. Lipa siku yake, kwa kiwango cha mkalimani, kitajwe mapema. Akikaa kimya siku nzima, alipwe vilevile.

Mtunza nyaraka
Wasan, jamii ya asili ya wawindaji wa Afrika Kusini na nchi jirani, walishavuka mto huu. Mwaka 2010 zilichapishwa taarifa za vinasaba vya wanaume wanne wa Kisan wa Namibia. Wahusika waliridhia mmoja mmoja, viongozi wakalalamika kwamba jamii haikuulizwa. Mwaka 2017 Wasan wakatoa kanuni zao wenyewe: heshima, uaminifu, haki, kujali, na utaratibu wa kufuata. Kenya nayo ina sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, inayotaka idhini ya jamii kwanza. Ila barua za NACOSTI, tume ya Kenya inayotoa vibali vya utafiti, nilizoziona zinamwelekeza mtafiti kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu. Kwa wazee anaenda kwa hiari yake.

Mtoa mada, swali langu ni la fundi: jamii ikishika nakala, nani atalipia kuzihifadhi ufadhili ukiisha? Kanda inashika ukungu, diski inakufa.

Wa Nessuit
Mimi ni Ogiek. Babu yangu alirekodiwa nikiwa darasa la sita, siku mbili mfululizo, akataja miti ya mizinga mmoja baada ya mwingine. Waliorekodi waliondoka na kanda na hawakurudi. Babu hayupo, na miti hiyo siwezi kuitaja hata nusu.

Wazi au fungwa, mnabishania kitu ambacho sisi wenyewe hatuna. Nakala kwanza. Aliye chuoni humu na anaweza kupekua rejista ya kanda za Mau aseme, nitamletea majina ya wazee waliorekodiwa upande wetu na wa Mariashoni. Familia zao zipo tayari kuandika barua ya kudai.